Mpunga wa Mwezi wa Tisa

Mimi mdomo ninao. Ukifika Ifakara ukaulizia yule mama muuza mchele mwenye sauti, utaletwa moja kwa moja kwenye meza yangu, hata kama siku hiyo nimeamua kujificha chini yake. Kwenye harusi nikipiga vigelegele, muziki wenyewe unasubiri. Kwa hiyo kampeni zilipoanza hakuna aliyehangaika kutafuta mhamasishaji wa akina mama. Nilijiteua mwenyewe, fulana na kofia vikanifuata baadaye.

Na sikuifanya kazi ile kwa njaa, naomba tuelewane hapo. Nilimpenda yule mgombea tangu hajawaza kugombea chochote. Zamani alikuwa bwana shamba huku bondeni. Mabwana shamba tuliowazoea walisimama juu ya tuta, kiatu kinang'aa, wakakuonyesha kwa kidole: pale palilia, pale mwaga mbolea. Huyu alikuja kwenye jaruba la shangazi yangu kule Idete, akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia kwenye maji. Ruba akamng'ang'ania mguuni. Mimi nilikuwa msichana, nikasema leo tutamwona anavyokimbia. Wapi! Akambandua yule ruba huku anacheka, akamtupa, akaendelea kuzungumza na shangazi habari za majani ya mpunga.

Shangazi huyo ni dada wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Alikuwa na mbegu ya mpunga aliyoachiwa na mama yake, aina ya zamani tunayoiita shingo ya mwali, punje ndefu, ukipika nyumba ya tatu wanajua. Wenzake walikuwa wameanza kumcheka kwa sababu haizai sana na inachelewa kukomaa. Bwana shamba akaushika mpunga ule, akamwambia, "Mama, hii usiitupe. Hata wakuletee nini kutoka wapi, hii itunze." Shangazi hakuyasahau maneno hayo. Kila akiianika mbegu yake kwenye mkeka anakukumbusha kwamba hata bwana shamba alisema.

Sasa mtu kama huyo anarudi miaka mingi baadaye, kasoma zaidi, nywele zimeanza mvi, anasema anaomba ridhaa ya wananchi. Ningefanyaje? Nilimpigania. Niligombana na wateja wangu. Kuna mzee mmoja alikuwa ananunua mchele kwangu kila wiki, akasema wote hao ni walewale. Nikamwambia mzee wangu, shikamoo, lakini kwa maneno hayo kanunue kwingine. Akaenda kununua kwingine kweli.

Masika ya mwaka ule mto ulikuwa umefurika vibaya. Shamba la shangazi kule mbugani lilikwenda lote, maji yakaingia mpaka ndani, gunia la mbegu likaoza kama uchafu. Kilichobaki ni kibuyu alichokuwa amekitundika juu ya jiko, na ndani yake viganja vichache vya shingo ya mwali. Havikutosha hata kona ya jaruba. Majirani walishahamia mbegu za kisasa zamani, hakuna wa kumwazima. Mwanamke akafikiri, akateremka nyuma ya migomba yake ambako kuna chemchemi isiyokauka hata kiangazi, akatengeneza kitalu kidogo cha ukubwa wa kitanda, akaimwaga mbegu yote. Alitaka miche ikikua aipandikize palepale kwenye maji, avune mwanzoni mwa mwaka, apate mbegu ya kutosha kabla masika mengine hayajakolea. Asubuhi na jioni alikuwa pale na fimbo, anaamia ndege. Nilipokwenda kumsalimia alinipeleka kuiangalia miche yake kabla hata hajanikaribisha kiti. Ilikuwa imesimama vizuri, kijani kibichi, inangojea kupandikizwa.

Basi ikafika zamu ya Idete kwenye ratiba ya kampeni. Siku moja kabla, tukaketi ofisini kupanga. Kijana wa picha, katoka Dar es Salaam na kofia yake kageuza nyuma, akasema anataka video ya mheshimiwa akipanda mpunga na wananchi, ile ya matopeni kabisa, kijani kijani, iende mitandaoni. Watu wakatazamana. Mwezi wa tisa! Bonde lote limekauka, majaruba yamepasuka mpaka unaweza kutumbukiza mkono, watu wanafyatua matofali. Nani anapanda mpunga mwezi wa tisa?

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia. Nikasema, "Kijani? Niachieni mimi."

Jamani. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo natamani nijizabe kofi. Hakuna aliyenituma. Ofisi nzima ilikuwa imenyamaza, na kama ningenyamaza na mimi, kijana yule angepiga picha zake za watu wakipunga mikono na mambo yangeishia hapo. Lakini nilitaka mgombea wangu aonekane vile nilivyomwona mimi, miguu ndani ya maji. Na nilitaka ijulikane kwamba aliyewezesha ni mimi.

Alfajiri nikapanda bodaboda mpaka Idete. Shangazi akanisikiliza akiwa ameshika ungo wake. Nikamwambia bwana shamba wako anakuja, yule yule, na anataka kupanda mpunga pamoja na wewe. Uso wake ukafunguka. Nikamwambia tatizo ni kule chemchemini, gari haifiki, na migomba inaleta kivuli, kijana wa picha hataki kivuli. Tutaloweka kipande cha jaruba la jirani pale kando ya barabara, tutachukua miche kidogo, tutapanda, watapiga picha, kisha tunaing'oa tunairudisha kwenye maji yake.

"Mche wa mpunga hautaki kusumbuliwa mara mbili," akasema.

"Shangazi, saa moja tu. Anayekuja ni yule aliyekuambia uitunze."

Akaniangalia. Akasema, "Basi kama ni yeye."

Tukabeba maji, akina mama wote wa hamasa, ndoo kichwani kutoka kwenye pampu mpaka barabarani. Ardhi ilikuwa na kiu, tukimwaga inakunywa, tukimwaga inakunywa. Tukaivuruga kwa majembe mpaka likapatikana tope la kueleweka. Shangazi akang'oa miche mwenyewe, hakutaka mtu aiguse, akaileta ndani ya beseni lenye maji kidogo na kuifunika kwa majani ya mgomba. Nilimwambia alete kidogo. Kijana wa picha akasema haijazi, ongezeni. Nikaenda mimi kumwomba aongeze. Akaongeza. Kijana akasema bado upande ule. Mwishowe kitalu kikabaki uwanja mtupu, na mimi nikawa naimba.

Mgombea akafika jua limeshapanda. Shangwe, honi, vumbi. Akateremka, akasalimia wazee, shikamoo, shikamoo, akapeana mikono. Shangazi akampa mkono akasema, "Baba, unanikumbuka?" Akasema, "Mama, nawezaje kukusahau?" Nikaona wazi kwamba hamkumbuki hata kidogo, nikajiambia kakutana na watu wengi, ndiyo uongozi.

Kisha akaliona jaruba letu. Ninyi hamkuwepo, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, nikaona. Alitazama lile tope kama mkeka katikati ya uwanja uliopasuka. Akaitazama miche ndani ya beseni. Bwana shamba hawezi kutojua. Akanigeukia mimi mwenye fulana yenye sura yake, na kwa muda mfupi nilidhani atauliza, jamani, hii miche ya nani, mbona mnaiua? Nilikuwa tayari na jibu. Hakuuliza. Akavua viatu, akavua na soksi, akakunja suruali, akaingia.

Nikapiga vigelegele mpaka koo likakwaruza.

Alipanda vibaya. Anachukua fungu zima, anachomeka shimo moja, huku macho yako kwenye kamera. Shangazi ameinama pembeni yake, kanga mpya tuliyompa kiunoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, tenganisha, miche itasongana." Kijana wa picha akasema, "Mama, usiongee, tutarudia." Wakarudia. Mgombea akanyanyua fungu moja juu, mizizi inadondosha matope, akasema maneno kuhusu mkulima na bonde lake. Maneno mazuri. Halafu akatoka, akakalia kiti cha plastiki, msaidizi akafungua chupa ya maji ya kunywa akamwosha miguu, chupa ya kwanza, na ya pili. Akina mama waliokuwa wameteka maji tangu asubuhi wakasimama na ndoo zao tupu wakitazama. Mimi nikawaambia, "Imbeni bwana, mbona mmepoa?"

Kabla hawajaondoka, kijana akaniita. Kesho asubuhi atarudi na kile kidege chake cha kupigia picha kutoka juu, kwa hiyo miche isiguswe kabisa, hata unyayo usionekane. Nikamwambia usiwe na wasiwasi.

Magari hayajafika mbali, shangazi huyo na beseni lake. Akaanza kuinama kung'oa. Nikamwahi. "Shangazi, acha kwanza, wanarudi kesho asubuhi." Akasema jua la kesho halitaikuta salama, tope hili limekaa juu juu tu, chini ni kavu. Nikasema tutamwagilia. Akasema kumwagilia siyo maji. Akainama tena. Nikalishika beseni. Yeye kashika huku, mimi nimeshika huku, mbele ya watu, mwanamke aliyenilea. Nikavuta. Akaachia.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayewajua."

Sikuwahi kumnyang'anya shangazi yangu kitu mkononi, hata utotoni. Siku hiyo nilimnyang'anya, na beseni lile nililala nalo palepale kwake, kwenye chumba changu cha utotoni, kama mlinzi.

Kesho yake hawakuja. Tukamwagilia, tukakaa kando ya barabara tukitazama juu kama watu waliorogwa, tunangoja kidege. Jua la Kilombero la mwezi wa tisa mnalijua. Tope likaanza kung'aa, likapauka, likapasuka. Ncha za miche zikajikunja. Napiga simu, haipokelewi. Napiga, haipokelewi. Mchana ulipokolea ndipo yule kijana akapokea, nyuma yake kelele za muziki. "Aa, mama, sisi tuko Mlimba huku. Ile ya jana inatosha, imetoka kali sana." Akakata.

Nikamwambia shangazi. Akaenda akapiga magoti, akawa anauchimbua mche mmoja mmoja kwa vidole, tope limeshakuwa gumu, mizizi inakatika. Nikapiga magoti na mimi. Akaniambia, "Niachie." Akaibeba yote mpaka chemchemini akaipandikiza. Kwa siku kadhaa akawa anashinda pale. Ikawa njano, kisha ikawa rangi ya majani ya kuezekea. Hakuna hata mmoja uliosimama.

Mimi nikasema hapana. Huyu mtu namjua, hajui kilichotokea, akijua atafanya kitu. Nikamfuata kwenye mkutano wa kijijini Mbingu. Nilimkuta ndani ya gari, kioo nusu, anakunywa soda kabla ya kupanda jukwaani. Nikamweleza yote: mbegu ya shangazi, kibuyu, mafuriko, miche. Nikamkumbusha mpaka ruba. Alinisikiliza, siwezi kusema hakunisikiliza.

"Mama," akasema, "ile mbegu ya kizamani? Hiyo si ya kulilia. Haina tija. Tukimaliza uchaguzi nitamletea mfuko mzima wa mbegu za kisasa."

Nikasema, "Lakini ni wewe uliyemwambia aitunze."

Akacheka. Siyo kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni. "Nilikuwa kijana," akasema. Akapandisha kioo.

Nilisimama pale kwenye vumbi. Nilikuwa nimeshamalizana naye moyoni. Hata hasira haikuwa nyingi, ilikuwa zaidi kama kutafuta kitu mfukoni ukakuta mfuko umetoboka. Na kama ningeishia hapo, nikapanda gari nikarudi Ifakara kuuza mchele wangu, leo ningekuwa na la kusema mbele za watu.

Lakini wakaniita jukwaani. Msemaji akatangaza yule mama mwenye sauti yake yuko wapi, watu wakapiga makofi, kipaza sauti kikanyooshwa kwangu. Ningeweza kusema koo linauma. Ningeweza kutikisa kichwa tu. Nikapanda. Naona aibu kuandika, lakini nilipanda, nikakishika, na sauti ikatoka tamu kuliko siku zote. Nikawaambia watu wa Mbingu, "Huyu ndiye bwana shamba wetu! Kaingia matopeni Idete na shangazi yangu wa damu! Kamshika mkono, kapanda naye mpunga!" Watu wakashangilia. Mgombea akaniinamishia kichwa, mkono kifuani. Niliogopa nini? Hata leo sijui. Nadhani niliogopa tu kuonekana mjinga mbele ya watu wale wote ambao nilishawaambia.

Uchaguzi ukapita. Akashinda, na mfuko wa mbegu sijauona. Yule mzee niliyemfukuza mezani kwangu anapita kwa wenzangu kununua mchele, akinikuta ananisalimia vizuri tu, na hajawahi kunicheka. Bora angenicheka.

Mvua zilipoanza nilimpelekea shangazi mbegu ya kisasa niliyoinunua mwenyewe. Aliipokea, akashukuru, akaimwaga. Ikaota vizuri, siyo kwamba haikuota. Hatulizungumzi lile jambo. Niliomba msamaha mara moja, akasema, "Tumeshapanda, mwanangu, tuache," akabadilisha habari.

Isipokuwa kitu kimoja. Ile video bado inazunguka kwenye simu za watu. Nikienda Idete, tukishakula, ananiambia nimfungulie. Mara ya kwanza nilidhani anataka kunisuta. Sivyo. Anaisogeza simu karibu na macho, mgombea hamtazami kabisa. Anatazama beseni. Anatazama miche. "Rudisha kidogo," ananiambia. "Hapo. Umeona jani lake? La mama kabisa hilo. Ona lilivyosimama." Hana pengine pa kuiona tena. Kibuyu kitupu, kitalu kimeota magugu, imebaki humo kwenye simu yangu.

Juzi nilikuwa kwake tena. Nikamfungulia, akatazama, na wakati wote nyuma ya mpunga wake kuna vigelegele, vikali, haviishi, vinafunika hata maneno ya mgombea. Ni vyangu. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba apunguziwe chumvi, "Mwanangu, hiyo sauti yako haiwezi kutolewa? Nataka niutazame mpunga tu."

Nikaminya pembeni mwa simu mpaka sauti ikaisha. Akairudisha mwanzo, akaendelea kutazama.